Kwa mnaosoma kwa masafa: tupige hesabu ya saa kwanza, nidhamu itafuata

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Dirisha la udahili likifungwa tu, magrupu ya wanafunzi wapya hujaa swali moja: "Nimepata nafasi ya kusoma kwa masafa, niko kazini na nina familia, nitaweza kweli?" Majibu wanayopewa ni kaza, jitume, achana na mpira, punguza simu. Nimesoma kwa masafa nikiwa mwajiriwa, na kwa miaka kadhaa sasa nawasaidia wanaoanza hapa mkoani kwetu, kwa hiyo majibu hayo yananiuma. Niliowaona wakiachia njiani hawakuwa wavivu. Ni watu wa kuamka alfajiri, wanaolea familia, wanaokabidhiwa funguo za ofisi. Walielemewa na mzigo ambao hakuna aliyekaa nao chini wakaupigia hesabu.

Basi tuupigie hesabu. Kwa mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1, yaani kipimo cha uzito wa kozi, ni saa 10 za kujifunza, na humo kila kitu kimo: kusoma kitini, kusikiliza mihadhara, kuandika kazi, kujiandaa na mtihani. Shahada ya miaka 3 ni krediti 360, yaani 120 kwa mwaka, yaani saa 1,200. Toa wiki za sikukuu, za kuuguza, za msiba, na zile za kufunga hesabu za mwaka ofisini. Zikikubakia wiki 40, shukuru. Saa 1,200 kwa wiki 40 ni saa 30 kila wiki. Sheria ya kazi inaruhusu saa 45 za kawaida kwa wiki. Jumlisha: wiki ya saa 75, na hapo bado hujapanda daladala wala hujamwogesha mtoto.

Ndiyo maana nasema mwanafunzi aliyejisajili kozi zote za mwaka huku anafanya kazi kutwa hana tatizo la tabia. Hesabu yake ndiyo haikai. Akichukua nusu ya kozi, anahitaji saa 15 kwa wiki, na hizo zinapatikana: saa 2 kwa siku tano, na saa 5 zilizobaki zinagawanywa Jumamosi na Jumapili. Atamaliza baadaye kuliko wenzake, na hakuna ubaya. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, na tangu hapo wazo lilikuwa kwamba mtu asome bila kuacha kazi wala kuhama mji wake. Kwenda kwa kasi yako ni haki uliyopewa. Itumie bila kuona aibu mbele ya aliyemaliza kwa miaka mitatu.

Ukishazijua saa zako, zitafutie mahali pa kukaa. Hapa ndipo tabia inapoanza. "Nitasoma nikipata nafasi" ni ahadi isiyo na siku. Shikiza kusoma kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kukumbushwa: baada ya swala ya alfajiri, baada ya kumshusha mtoto kwenye basi la shule, baada ya vyombo vya usiku. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 waliojaribu kujenga tabia mpya ndogo kwa kuishikiza kwenye tukio la kila siku, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Kwa mtu wa katikati, tabia ilizoeleka kwenye siku ya 66. Aliyewahi alitumia siku 18, na aliyechelewa zaidi alikadiriwa siku 254. Kwa hiyo zile siku 21 zinazotangazwa kila mahali zisikukatishe tamaa. Na jambo ambalo nawaomba mlishike: kuruka siku moja hakukuwaharibia. Ukilala kwa uchovu Jumanne, Jumatano rudi kwenye nafasi yako ileile, usianze kulipa deni la Jumanne usiku wa manane.

Sasa, ndani ya saa yenyewe unafanya nini? Wengi tunafungua kitini, tunapiga mstari kwa kalamu ya rangi, tunarudia, tunajisikia tumeelewa. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha hilo na kujipima. Kundi moja lilisoma makala fupi mara nne. Kundi lingine lilisoma mara moja, kisha likafunga na kujaribu kuandika linachokumbuka mara tatu. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka asilimia 61 na waliorudia kusoma asilimia 40. Sisi mitihani yetu haiji baada ya dakika tano.

Nichukue mfano wa kozi ya saikolojia ya elimu, maana wengi humu ni walimu. Umesoma hatua za ukuaji wa akili za mtoto za mwanasaikolojia Piaget. Funga kitini. Chukua kaunta buku, andika swali juu ya ukurasa: "Kwa nini mtoto wa miaka mitano anaona maji yameongezeka ukiyahamishia kwenye glasi nyembamba, na wa miaka tisa haoni hivyo?" Jibu kwa maneno yako bila kuchungulia. Utagundua jina la hatua umelikumbuka, lakini sababu imekukimbia, kwamba mtoto mdogo anaangalia urefu wa maji peke yake na bado hawezi kuyarudisha kichwani kwenye glasi ya mwanzo. Fungua kitini usome aya hiyo tu, kisha funga uandike tena. Dakika kumi na tano za namna hiyo zinakupa zaidi ya kurasa ishirini za mistari ya njano. Wiki ijayo anza kikao chako na swali hilohilo kabla hujagusa sura mpya.

Nimesema yangu. Wenye uzoefu mwageni, hasa mnaoishi mazingira magumu kuliko yangu.

Mwaka wa Kwanza

Asante sana mkuu. Nimesoma nikapata hofu, maana mimi nimeshajisajili kozi zote za mwaka, niko dukani kutwa hadi saa 2 usiku. Pia sina kompyuta, natumia simu tu. Nimechelewa?

Dada wa Wodini

Uzi mzuri, ila hapo pa kushikiza kwenye jambo la kila siku mimi nina neno. Mimi ni muuguzi. Wiki moja naingia asubuhi, nyingine jioni, inayofuata usiku. Hiyo alfajiri mnayoisifia, kuna wiki nakuwa nimeinama kwenye kitanda cha mgonjwa nabadilisha dripu. Ukiniambia nisome saa ileile kila siku, umeniondoa kwenye chuo.

Ninachofanya ni hiki. Ratiba ya zamu ikibandikwa ukutani, naipiga picha siku hiyohiyo, nikifika nyumbani naichora kwenye daftari na kuweka saa za kusoma juu yake kabla mtu mwingine hajaziomba. Kila aina ya zamu ina kazi yake. Wiki ya asubuhi nasoma sura mpya, maana jioni kichwa bado kinashika. Wiki ya jioni naandika kazi za chuo kuanzia saa 3 hadi saa 5 asubuhi, nyumba ikiwa kimya. Wiki ya usiku sisomi kitu kipya kabisa. Nikitoka zamu nalala kwanza, nikiamka mchana najiuliza maswali ya zamani kwa nusu saa, basi. Niliona wenzangu wakijilazimisha kusoma wakitoka zamu ya usiku, wanaishia kulala juu ya kitabu, na jioni wanarudi wodini wachovu. Kwa kazi yetu hiyo ni hatari kwa mgonjwa.

Mleta uzi

Dada yangu, hili ndilo nililokuwa nalisubiri, na naomba kila mwenye zamu alisome mara mbili: askari, walinzi, watu wa viwandani, madereva wa masafa marefu. Tukio lako la kushikiza ni kuamka, haijalishi saa ya ukutani inasemaje. Na hilo la kupanga aina ya kazi kulingana na nguvu iliyobaki lina manufaa hata kwa sisi wa ofisini. Ijumaa jioni hakuna anayeelewa takwimu.

Mdau Mkongwe

Mkuu mnatisha watu bure. Mimi nimemaliza shahada kwa desa, yaani notsi za kuazima, na mitihani ya nyuma tu. Mwezi mmoja kabla ya mtihani unapiga msuli, unapita. Hayo mambo ya saa 1,200 ni ya kwenye makaratasi.

Mleta uzi

Mkuu, hongera kwa kumaliza. Mitihani ya nyuma naipenda na nawashauri watu waitafute wiki ya kwanza kabisa, kabla hata hawajafungua kitini, ili wajue kozi inauliza nini. Tofauti yetu ni hapo kwenye mwezi mmoja. Mwezi mmoja una siku 30. Mwenye kozi sita na kazi ya kutwa anapata siku tano kwa kozi, tena baada ya saa za kazi. Anayebahatika swali kurudi, anapita. Lisiporudi, anapata sapu, yaani mtihani wa marudio, na sapu kwa mtu wa masafa ina gharama ya kuomba ruhusa tena kazini, nauli ya kwenda kituo cha chuo cha mkoa, na wakati mwingine malazi.

Na kuna jambo kubwa kuliko kupita. Mwanafunzi wa masafa mara nyingi anasoma kitu anachokifanya leo. Mwalimu aliyeelewa kwa nini mtoto wa darasa la kwanza anakwama kwenye kutoa kwa kukopa, kesho asubuhi anaingia darasani akiwa mwalimu tofauti. Aliyekariri kwa ajili ya Juni, Agosti hana kitu cha kuwapa watoto. Naliona hili kwa macho yangu, na ndiyo sababu siwezi kunyamaza.

Mama Watatu

Naomba niongelee nyumbani, maana wanaume humu mnazungumzia saa kama vile ziko kabatini zinasubiri kuchukuliwa.

Nina watoto watatu, mdogo ana miaka minne. Saa zangu zote zina mwenyewe. Kabla sijalipa ada nilikaa na mume wangu tukaongea usiku mmoja mzima. Nilimwonyesha karatasi: siku hizi tatu, kuanzia saa 2 na nusu hadi saa 4 usiku, mimi sipo. Nipo ndani lakini sipo. Mtoto akilia, unaamka wewe. Tulikubaliana, na mwanzoni ilimchukua muda kuzoea, kwa sababu mtu akikuona umekaa mezani anaona huna kazi. Nikamwomba na mama mkwe nikamweleza mwenyewe kwa heshima, asije akasikia kwa wengine kwamba mke wa mwanawe siku hizi hapiki usiku. Leo yeye ndiye anayewaambia watoto, "Mwacheni mama yenu, yuko chuoni."

Watoto wakubwa nawaweka meza moja na mimi. Wao na kazi zao za shule, mimi na zangu. Binti yangu wa darasa la sita ndiye ananiuliza maswali kutoka kwenye daftari langu, anasoma swali, mimi najibu bila kuangalia, yeye anasahihisha. Hajui maana ya nusu ya maneno hayo lakini anafurahi sana nikikosea, na mimi nakumbuka.

Kingine ni vikao. Vikao vya harusi vinakula Jumapili za watu mwaka mzima. Nilianza kutoa mchango wangu mapema na kumwambia mwenyekiti wazi kwamba nitakuja kikao cha mwisho na siku ya shughuli. Kwenye msiba naenda, hilo halina mjadala, na wiki hiyo nasogeza ratiba. Lakini ukiwaambia watu "nasoma" tu, hawaelewi. Waambie "Jumapili saa 8 hadi saa 11 niko darasani". Hapo wanaelewa, maana darasani mtu haitwi.

Mwalimu wa Kijijini

Mama Watatu ubarikiwe. Hilo la kusema "niko darasani" naanza nalo kesho.

Mimi niko kijijini, mtandao mpaka nipande mlimani, umeme ni wa jua. Mwisho wa mwezi nikienda mjini benki, nakaa sehemu yenye mtandao mzuri napakua kila kitu cha mwezi mzima: vitini, video za mihadhara, maswali. Video nachagua ubora wa chini, bando linatosha na sauti inasikika vizuri. Nikirudi kijijini simu naizima data. Watu wananipa pole, lakini nawaambia ukweli, kukosa mtandao kumenisaidia kusoma kuliko kitu chochote. Anayeishi mjini anaweza kuzima data kwa hiari yake mwenyewe.

Kazi za chuo naandika kwenye karatasi kwanza, nikipata kompyuta ya shule nachapa. Na siachi kutuma hadi siku ya mwisho, maana siku ya mwisho ndiyo mvua hunyesha na mnara unalala.

Kuhusu grupu. Grupu letu la kozi lina watu zaidi ya mia mbili, na kutwa ni "habari za asubuhi", matangazo ya biashara na "jamani nani ana majibu". Tukajitoa watu wanne, tukaanzisha letu. Kila Jumamosi saa 2 usiku tunapigiana simu ya pamoja, napanda mlimani kwa ajili hiyo. Kila mtu anafundisha mada moja kwa dakika kumi na tano, kisha anaulizwa. Usipojiandaa unawaangusha watatu, na hilo linanisukuma kuliko alama. Wapo waliosema hawana muda wa diskasheni. Mimi nawajibu kwamba mtu akisoma peke yake anaweza kukaa miezi mitatu na kosa moja kichwani bila mtu wa kumwambia.

Jirani wa Voi

Salamu kutoka Kenya. Nimependa mjadala huu. Huku kwetu Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati Agosti 2023, masomo ni ya mtandaoni, na watu wengi wazima wamerudi shuleni. Shida ni zilezile. Swali langu: hizi programu za akili mnemba, ChatGPT na wenzake, mnazitumiaje? Nina mwenzangu anaandikiwa kila kitu.

Mleta uzi

Karibu sana ndugu yetu. Mwenzako anajinyima kile alichokilipia. Kazi za chuo ndizo mahali pekee ambapo mwanafunzi wa masafa analazimika kupanga mawazo yake na mtu mwingine akayasoma. Ukiipa programu iandike, umebaki na kitini na mtihani, katikati hakuna kitu.

Matumizi ninayowashauri watu ni kinyume chake: ibandikie aya ya kitini chako, iambie ikuulize maswali matano bila kukupa majibu, jibu mwenyewe, kisha hakikisha kwenye kitini. Kwenye kitini, siyo kwenye programu, kwa sababu inaweza kukutajia kitabu ambacho hakipo duniani, au kukupa kifungu cha sheria cha nchi nyingine. Na angalieni kanuni za chuo chenu, kila chuo kina msimamo wake.

Sasa nimjibu Mwaka wa Kwanza, samahani kwa kukuweka.

Hujachelewa. Wiki hii fanya jambo moja la ofisini: nenda au piga simu kituo chako cha mkoa, uliza kama bado unaweza kupunguza kozi ulizosajili na mwisho wa kufanya hivyo ni lini. Usisubiri kushindwa ndipo upunguze. Kwa mtu wa dukani hadi saa 2 usiku, mimi ningebaki na nusu au chini ya hapo muhula huu, nijue mwendo wangu, kisha niongeze.

Simu inatosha kusomea, haitoshi kuandikia kazi ndefu. Kwa kazi ndefu fanya kama Mwalimu, karatasi kwanza. Simu yenyewe ukianza kusoma, izime data na uiweke kimya. Kama kitini kimoja kati ya hivyo ndicho kigumu kuliko vyote, kichapishe. Gharama ya stationari utaiona kubwa siku ya kwanza, baadaye utaona umeokoa macho na bando.

Na dukani kuna saa ambazo wateja hawaji. Unazijua mwenyewe. Usizitumie kusoma sura mpya, mteja akiingia utapoteza pale ulipofika na utakasirika bure. Tumia kujiuliza maswali ya jana kutoka kwenye daftari dogo.

Mwaka wa Kwanza

Nimeelewa mkuu, kesho asubuhi nawapigia. Saa zangu za kimya ni saa 8 hadi saa 10 mchana. Nyumbani naishi na kaka, namwambia leo. Swali la mwisho: kitini cha kwanza kina kurasa 180, nikikifungua nachoka kabla sijaanza. Naanzia wapi?

Mleta uzi

Usianzie ukurasa wa kwanza. Fungua mwisho wa sura ya kwanza, soma maswali ya kujipima yaliyopo pale, yanakili matatu kwenye daftari, kila moja ukurasa wake. Kisha rudi mwanzo wa sura ukitafuta majibu ya hayo matatu tu. Ukishayajibu kitini kikiwa kimefungwa, sura hiyo umeishika, hata kama kuna aya ambazo macho yamepita haraka. Kama kitini hakina maswali, geuza kila kichwa kidogo cha habari kiwe swali.

Ni kozi gani hiyo? Taja hapa, nadhani humu ndani hakukosekani mtu aliyeimaliza.

Dada wa Wodini

Kama ni Stadi za Mawasiliano, mimi nimeimaliza na maswali yangu ya kujipima bado ninayo kwenye daftari. Niko zamu ya jioni wiki hii, kesho saa 3 asubuhi nayapiga picha nayaweka hapa.